Yadi Moja na Robo

Kitambaa kikibaki, mama hakiiti taka.
Hukiita "mwenzake hajaja",
akakisokomeza kwenye foronya kuukuu
iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni;
na tangu nijue kuhesabu
sijaiona foronya ile ikiwa tupu.

Masika yakishika Wete,
tope la Jadida likiwazuia wateja,
charahani imefunikwa shuka kama mgonjwa,
ndipo foronya hushushwa.
Tunaimwaga juu ya mkeka, mimi na Asaa,
na vipande vinaanza kusema vilikotoka.

Mwaka ule tulianza na mguu wa suruali ya skuli:
magoti yalikwisha, paja lilikuwa zima.
Pazia la Bi Mize, lililoungua pembeni kwa chetezo.
Kanzu ya babu, kwapani imegeuka manjano.
Mama alitaka kuikata ile alama aitoe,
kisha akaweka mkasi chini.
"Muacheni," akasema, kama vile kuna mtu.

Kanga mbili zilizochakaa tulizikata vibaya,
majina yake yakaungana ovyo:
WIVU WAKO NI ULINZI, ubavuni huku,
na kule miguuni, JIRANI MWEMA HAUNITISHI.
Asaa, wa darasa la sita, akalalamikia sarufi.
Mama akakata uzi kwa meno.
"Kitambaa hakikusoma."

Chini tukatandika viroba vya unga wa ngano,
vimefuliwa mara nne
na bado vinasomeka kilo hamsini.

Siku ya tatu, katikati ya mfarishi
palibaki mraba mmoja, upana wa sahani.
Nikampa buluu. Akakataa.
Nikampa maua. Akakataa.
Akaingia chumbani, nikasikia kasha likilia bawaba,
akarudi na satini ya kijani cha embe bichi.

Nani asiyeijua satini ile?
Shangazi Bikombo aliileta yadi sita, arusi ya Rukia.
Aliposhonewa gauni aliligeuza ndani nje,
akalipima kwa mkono wake mwenyewe,
akasema mbele ya wanawake wanaochambua mchele:
"Wifi, imebaki yadi moja na robo. Iko wapi?"
Mama akajibu hakikubaki hata cha kufutia sindano.

Miaka tisa.
Mazikoni wanapeana mikono.
Idi wanapelekeana sahani zilizofunikwa, kwa mikono ya watoto.
Lakini kizingiti cha mwenziwe
hakuna aliyekikanyaga.

Na mimi, Idi ya mwaka ule wa arusi,
nilivaa gauni jeupe
lenye kola ya kijani cha embe bichi.
Nilikatazwa kupita uchochoro wa shangazi.
Nikadhani ni kwa ajili ya bata wake mkali.

Kiraka kile mama alikishona kwa mkono,
mishono midogo kama punje za ufuta.
Charahani, alisema, ina kelele.
Asubuhi akaukunja mfarishi, akanitwika.
"Mwambie nimesikia miguu inamsumbua.
Mwambie usiku huu wa mvua una baridi.
Jingine usimwambie."

Shangazi alikuwa kitandani, taa haijawashwa.
Akautandaza mapajani, akausoma kwa vidole:
vikapita suruali ya skuli,
vikapita pazia la Bi Mize,
vikafika kwenye kanzu ya baba yake,
vikasita kwapani, vikakaa kidogo.
Kisha vikaingia katikati.

Mvua ilikuwa juu ya bati, sikusikia pumzi yake.
Niliona tu mkono ukifunguka,
kidole gumba huku, cha mwisho kule:
shubiri moja. Basi.

"Hii," akasema, "haifiki hata robo."

Akauvuta mfarishi mpaka kidevuni.
"Kamwambie mama yako iliyobaki naidai.
Na asitume mtoto.
Aje mwenyewe, tuhesabiane."